Kigeuzi cha sauti cha dijitali

Kigeuzi cha sauti cha dijitali ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea sauti iliyohifadhiwa kwa namba na kuigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka mfululizo, ili amplifaya iukuze na spika iutoe kama sauti ya kusikika. Kimataifa kinajulikana kwa herufi DAC. Jina lake kamili ni kigeuzi cha dijitali kwenda analojia.

Watu wengi wa Afrika ya Mashariki hawajawahi kusikia jina la kifaa hiki, lakini karibu kila nyumba yenye umeme ina vigeuzi kadhaa. Kimo ndani ya simu, kompyuta, deki ya CD au DVD, king'amuzi cha televisheni na sabufa inayochomekwa flashi. Makala hii inahusu hasa kigeuzi cha pekee, yaani kisanduku kinachonunuliwa peke yake na kuwekwa nyumbani kati ya chanzo cha muziki na amplifaya. Inaeleza pia maswali ambayo wenye vifaa hivyo hukutana nayo, kwa mifano ya mji wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, nchini Tanzania.

## Namna kinavyofanya kazi

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaofuata umbo lilelile la kupanda na kushuka. Umeme wa namna hiyo huitwa analojia, kwa sababu unafanana na sauti yenyewe. Kanda ya kaseti na sahani ya santuri huhifadhi sauti kwa njia hiyo.

Mfumo wa dijitali hauhifadhi umbo. Unahifadhi vipimo. Ni kama mwanafunzi anayepima joto la hewa kila baada ya saa moja na kuandika namba kwenye daftari. Mtu mwingine akilichukua daftari hilo anaweza kuchora mstari wa joto la siku nzima bila kuwapo siku ile. Kwa sauti, kipimo hicho huitwa sampuli. CD ya kawaida ina sampuli 44,100 kwa kila sekunde katika kila upande, kushoto na kulia. Wimbo wa dakika nne kwenye CD una jumla ya namba 21,168,000.

Kazi ya kigeuzi ni kusoma namba hizo kwa mwendo usiobadilika, kutoa volti inayolingana na kila namba, kisha kulainisha matokeo kwa chujio. Wengi hudhani kwamba sauti inayotoka ina ngazingazi kama za nyumba. Sivyo. Baada ya chujio, umeme unaotoka ni mstari laini. Wahandisi Harry Nyquist, mwaka 1928, na Claude Shannon, mwaka 1949, waliweka msingi wa kanuni inayosema kwamba sampuli zikichukuliwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa ya sauti, umbo lote la sauti hiyo linaweza kurudishwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi kama hezi 20,000, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosogea. Ndiyo maana 44,100 ilionekana kutosha.

Jambo la pili ni usahihi wa kila kipimo, ambao huhesabiwa kwa biti. Kipimo cha biti 16 kina ngazi 65,536, na kinatoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya. Kipimo cha biti 24 kina ngazi 16,777,216. Kwa hesabu hicho hufika desibeli 144, lakini hakuna kigeuzi kinachofikia kiwango hicho kwa vitendo, kwa sababu vipuri vya umeme vina mvumo wao wenyewe.

Kuna aina kuu mbili za vigeuzi. Aina ya zamani hutumia ngazi ya vipingamizi: kila biti huwasha au kuzima njia yake, na mikondo yote hujumlishwa. Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea leo, hutumia ngazi chache sana lakini huzibadilisha kwa kasi kubwa mno, kisha chujio hupata wastani wake. Aina hii ni rahisi kutengenezwa katika kipande kimoja kidogo cha silikoni, na ndiyo iliyowezesha kigeuzi kizuri kuuzwa kwa bei ndogo.

## Historia

Wazo la kuiwakilisha sauti kwa namba lilitolewa na mhandisi Mwingereza Alec Reeves mwaka 1937, alipokuwa akifanya kazi Ufaransa. Vipuri vya wakati ule havikuwa na uwezo wa kulitekeleza kwa gharama nafuu.

Kigeuzi kiliingia majumbani pamoja na CD. Mashine ya kwanza ya CD kuuzwa kwa umma ilikuwa Sony CDP-101, iliyotoka Japani mwezi Oktoba 1982. CD yenyewe ilibuniwa kwa ushirikiano wa Sony na Philips. Mashine za kwanza za Philips zilitumia vigeuzi vya biti 14, vikisaidiwa na mbinu ya kuzidisha sampuli mara nne, na zilisifiwa kwa sauti yake. Baadaye katika miaka ya 1980 yalianza kuuzwa masanduku ya kigeuzi peke yake, kwa wapenzi wa muziki waliotaka kuboresha mashine zao za CD.

Kompyuta ndiyo iliyoeneza zaidi vigeuzi vya pekee. Kanuni ya kwanza ya kupitisha sauti katika waya wa USB ilitolewa mwaka 1998, na ya pili mwaka 2006. Simu za Android zilianza kupokea vigeuzi vya USB rasmi katika toleo la 5.0 la mwaka 2014. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7 isiyo na tundu la visikizio, na wengine wengi wakafuata. Kipande kifupi cha waya kilichowekwa kwenye boksi ili kuunganisha visikizio vya zamani kilikuwa, kwa hakika, kigeuzi kidogo sana.

## King'amuzi na kuzimwa kwa analojia Tanzania

Kwa Watanzania wengi, neno "dijitali" lilianza kuwa jambo la nyumbani kwa sababu ya televisheni. Mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliofanyika Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia. Tanzania haikungoja. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima mitambo ya analojia ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mwezi Januari 2013 ilikuwa zamu ya Dodoma na Tanga, Februari Mwanza, na mwisho wa mwezi Machi 2013 Arusha na Moshi. Mbeya ilifuata mwezi Aprili.

Televisheni ya kizamani yenye kioo kinene haikuweza kusoma namba. Ilihitaji king'amuzi: kisanduku kinachopokea mawimbi ya dijitali, kuyafumbua, na kutoa picha na sauti za analojia kupitia waya tatu, wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti. Kwa maneno mengine, kila king'amuzi kilichonunuliwa wakati ule kilibeba ndani yake kigeuzi cha sauti. Familia iliyoshindwa kukinunua ilibaki na televisheni nzima isiyoonyesha kitu.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako vijiji vimekaa juu ya matuta yaliyotenganishwa na mabonde ya mito, mabadiliko hayo yalionyesha tofauti ya msingi kati ya mifumo hii miwili. Mawimbi ya analojia yakififia, picha hujaa chengachenga na sauti huvuma, lakini mtu bado anaweza kufuata habari. Mawimbi ya dijitali yakififia hubaki safi hadi mpaka fulani, kisha picha hugandaganda na sauti hukatika kabisa. Hali ni ileile kwa waya wa dijitali wa kigeuzi: waya mbovu haufanyi muziki uwe "mwepesi" au "mzito", bali huukata au hutoa milio ya kupasuka.

## Lini kigeuzi cha pekee kinahitajika

Hali iliyo ya kawaida zaidi ni hii. Katika sebule ya nyumba mojawapo ya Njoro, kata ya Manispaa ya Moshi, kuna amplifaya na spika za mbao zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita na bado ni nzima. Televisheni ya kioo kinene imeondolewa, imeletwa ya bapa. Spika ndogo za televisheni mpya zimeelekezwa nyuma au chini, na wazee wa nyumba hawasikii vizuri maneno ya mtangazaji. Fundi anapotafuta matundu mekundu na meupe nyuma ya televisheni hayaoni. Kuna tundu dogo la mraba linalotoa mwanga mwekundu, na matundu ya HDMI. Hapo kigeuzi kidogo cha kuingiza mwanga na kutoa waya mwekundu na mweupe kinaifufua amplifaya ya zamani, na hakuna haja ya kununua redio mpya.

Hali nyingine zinazohitaji kigeuzi ni:

* simu isiyo na tundu la visikizio;
* kompyuta ambayo tundu lake la sauti limeharibika au linavuma;
* mashine ya CD ambayo kigeuzi chake cha ndani kimekufa lakini ina tundu la kutoa dijitali;
* ukumbi au kanisa linalopiga muziki kutoka kompyuta kwenda kwenye mixa.

Kigeuzi hakihitajiki pale ambapo chanzo tayari kina tundu zima la analojia na msikilizaji ameridhika. Hakihitajiki pia kwa spika ya Bluetooth, kwa kuwa spika hiyo ina kigeuzi chake ndani, na kigeuzi cha simu hakitumiki kabisa wakati muziki unapopita kwa Bluetooth.

Kigeuzi hakiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Wimbo wa dakika nne kwenye CD huchukua takriban megabaiti 42. Wimbo huohuo ukibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubaki chini ya megabaiti 4. Nyimbo nyingi zinazoingizwa kwenye flashi na kadi za simu zimebanwa hivyo, na nyingine zimebanwa zaidi ya mara moja. Kwa nyimbo hizo, kutafuta nakala bora kunasaidia kuliko kununua kifaa.

## Viingilio na vitokeo

Waya wa mwanga hupitisha namba kwa mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki. Ulianzishwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983. Hauvutii mvumo wa umeme, lakini haupendi kukunjwa kwa kona kali.

Waya wa koaksia una ncha moja ya duara, mara nyingi yenye rangi ya chungwa au nyeusi, na hupitisha namba zilezile kwa umeme. Unafanana na waya wa kawaida wa sauti, na kwa sababu hiyo huchomekwa kimakosa kwenye amplifaya, ambako hautoi muziki.

USB hutumika kwa kompyuta na simu. Mara nyingi hupeleka pia umeme wa volti 5, hivyo kigeuzi hakihitaji chaja ya pembeni.

Vitokeo ni vya aina mbili. Matundu mekundu na meupe hutoa kiwango kisichobadilika, mara nyingi kama volti 2 kwenye sauti kubwa kabisa, na huenda kwenye amplifaya. Tundu la visikizio lina kitufe cha kuongeza na kupunguza.

## Maswali ya kawaida

### Taa inawaka lakini hakuna sauti

Hili ndilo tatizo la kwanza kwa waliounganisha televisheni, na mara nyingi kifaa si kibovu. Televisheni nyingi hutoa sauti katika mfumo uliobanwa wa Dolby, ambao vigeuzi vya bei ndogo haviusomi. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni na kuchagua PCM, yaani namba zisizobanwa, au "stereo". Wakati mwingine pia inabidi kuchagua kwamba sauti itoke kwenye waya wa mwanga badala ya spika za ndani.

Sababu nyingine ni ndogo lakini hutokea mara kwa mara: waya mpya wa mwanga huja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake, na huchomekwa bila kuvuliwa.

### Rimoti ya televisheni haipandishi sauti

Waya wa mwanga mara nyingi hutoa kiwango kimoja tu. Sauti hupandishwa na kushushwa kwenye amplifaya. Baadhi ya vigeuzi huja na kitufe au rimoti yake, na jambo hili linafaa kuulizwa kabla ya kununua, hasa kwa nyumba yenye mtu asiyeweza kuinuka kila mara.

### Sauti ni kubwa mno na imekwaruza

Huenda waya umechomekwa kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa PHONO. Tundu hilo ni la santuri, ambayo hutoa umeme kidogo sana, na hukuza nyuzi za besi kuliko nyingine. Waya uhamishiwe kwenye tundu la CD, AUX au TAPE.

### Kuna mvumo mzito usiokwisha

Mvumo wa hezi 50 au 100 hutoka kwenye umeme wa nyumba, ambao Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Hutokea hasa vifaa viwili vinapounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, kwa mfano kompyuta kwenye soketi moja, amplifaya kwenye nyingine, na waya wa dishi juu ya paa. Njia nzuri ya kuuondoa ni kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, au kutumia waya wa mwanga, ambao haupitishi umeme. Kompyuta mpakato ikivuma wakati inachajiwa na ikanyamaza chaja inapotolewa, chanzo kimejulikana.

Wako wanaokata pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo. Njia hiyo ni ya hatari. Pini hiyo ndiyo ya waya wa ardhi, na bila yake hitilafu ndani ya amplifaya inaweza kuliacha bati lake likiwa na umeme wa volti 230 mpaka mtoto au mtu mzima aliguse.

### Mdomo wa mtangazaji na sauti haviendi pamoja

Kigeuzi cha waya huchelewesha sauti kwa muda mdogo usiosikika. Ucheleweshaji unaoonekana hutoka kwa televisheni yenyewe, ambayo huchakata picha, au kwa kiungo cha Bluetooth, ambacho kinaweza kuchelewa hata robo ya sekunde. Televisheni nyingi zina mpangilio wa kurekebisha hali hiyo.

### Kipande cha waya cha simu moja hakifanyi kazi kwenye nyingine

Vipande vya USB-C vinavyouzwa kwa ajili ya visikizio ni vya aina mbili na kwa macho havitofautiki. Kimoja kina kigeuzi ndani. Kingine ni waya mtupu, na hutegemea simu itoe analojia kupitia tundu lake la chaji. Simu isiyotoa analojia itakataa kipande cha aina ya pili. Njia salama ni kwenda dukani na simu yenyewe na kujaribu kabla ya kulipa.

### Kompyuta ya zamani haikitambui

Vigeuzi vinavyotumia kanuni ya USB ya mwaka 2006 vilianza kutambuliwa na Windows 10 bila msaada mwaka 2017. Matoleo ya nyuma yanahitaji programu ya mtengenezaji. Vinavyotumia kanuni ya mwaka 1998 hutambuliwa na karibu kompyuta zote.

## Maoni ya watumiaji na majaribio

Wanaoridhika zaidi huwa ni wale waliokuwa na shida inayoonekana: televisheni isiyo na tundu, simu isiyo na tundu, au mvumo wa kompyuta. Kwao badiliko ni kati ya kutosikia na kusikia.

Wanaotoka kigeuzi kizima kwenda kingine cha bei kubwa zaidi hutoa maoni yanayopingana. Wengine husema sauti imekuwa pana, ya joto au yenye uhai, wengine hawasikii tofauti yoyote. Sehemu ya mgongano huo inatokana na namna ya kulinganisha. Sikio la binadamu huiona sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo bora, hata tofauti ikiwa chini ya desibeli moja. Vigeuzi viwili vyenye volti tofauti vikichomekwa kwa zamu, kile chenye volti nyingi kitashinda hata kama ni duni. Ulinganisho wa haki unataka viwango visawazishwe na msikilizaji asijue ni kipi kinachopigwa.

Majaribio ya namna hiyo yamefanywa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walishindwa kutofautisha rekodi za kiwango cha juu na rekodi hizohizo zilipopitishwa katika kiwango cha CD. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Uingereza alikusanya majaribio mengi na kukuta kwamba wasikilizaji walipatia kidogo tu zaidi ya nusu, takriban asilimia 52. Tofauti ipo kitakwimu, lakini ni ndogo, na waliofunzwa kusikiliza ndio walioigundua zaidi.

Mazingira ya nyumba hupunguza tofauti hiyo zaidi. Sebule yenye sakafu ya saruji, kuta tupu na madirisha ya vioo hurudisha mwangwi unaofunika maneno. Mvua ya masika ikipiga paa la bati hufunika kila kitu. Zulia, mapazia mazito, kuzisogeza spika kutoka kwenye kona na kuziinua mpaka usawa wa masikio ya aliyeketi ni mabadiliko yanayosikika na kila mtu, na mengi hayana gharama. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hushauri fedha zielekezwe kwanza kwenye spika, kisha chumba, kisha nakala nzuri za muziki, na kigeuzi mwisho, isipokuwa pale kigeuzi kinapokuwa ndicho kiungo kinachokosekana.

## Umeme, radi na unyevu

Kigeuzi hula umeme kidogo sana, mara nyingi wati chache tu, na kinaweza kutumiwa na mfumo mdogo wa sola wenye kitoleo cha USB cha volti 5. Adui wake mkubwa ni umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika, na radi.

Eneo la Moshi hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kuelekea mwisho wa mwaka, na ngurumo huambatana nazo. Kuzima kifaa kwa kitufe hakutoshi. Plagi ichomolewe, na waya wa antena au wa dishi utolewe pia, kwa sababu radi huweza kuingia kwa njia hiyo na kupita kwenye televisheni hadi kwenye amplifaya. Waya wa mwanga una faida hapa: radi iliyoingia kwenye televisheni haiwezi kupita ndani ya plastiki kwenda upande wa pili.

Chaja ikipotea, nyingine isichomekwe kwa kuwa tu ncha yake inaingia. Ni lazima volti zilingane, ampea zisipungue zile zilizoandikwa kwenye kifaa, na alama ya chanya na hasi ifanane. Kigeuzi cha volti 5 kikipewa volti 12 huungua papo hapo.

## Kununua

Vifaa vya elektroniki viingiavyo Tanzania viko chini ya ukaguzi wa ubora wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na malalamiko ya bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Mnunuzi anahitaji risiti ili aweze kudai chochote.

Kabla ya kulipa, mambo matano yanafaa kuangaliwa:

1. matundu ya chanzo na ya amplifaya yanalingana na ya kigeuzi;
2. kigeuzi kinafumbua Dolby, au televisheni inaweza kuwekwa PCM;
3. kina namna ya kupandisha sauti, kama inahitajika;
4. chaja yake imo kwenye boksi na ni ya plagi inayoingia kwenye soketi za nyumbani;
5. kimejaribiwa dukani kwa dakika kadhaa.

Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, kama biti 32 au kilohezi 384, hazimsaidii mtu anayesikiliza taarifa ya habari na nyimbo za flashi.

## Kigeuzi na kanda za zamani

Mara nyingi kigeuzi hiki huchanganywa na ndugu yake anayefanya kazi ya kinyume, yaani kigeuzi cha analojia kwenda dijitali. Mtu mwenye kaseti za harusi, mahubiri, kwaya au sauti za wazazi waliofariki hawezi kuziingiza kwenye kompyuta kwa kigeuzi cha kutoa sauti. Anahitaji chenye kiingilio cha sauti, ambacho mara nyingi huitwa kadi ya sauti ya USB, pamoja na redio ya kaseti ambayo mkanda wake wa mpira na kichwa chake bado ni vizima.

Kazi hiyo haifai kuahirishwa. Utepe wa kaseti huchakaa kwa joto, vumbi na ukungu, na mashine za kuupiga zinazidi kuadimika. Hata hazina ya muziki ya taifa, iliyorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na kurithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ilihifadhiwa kwenye kanda za sumaku. Kanda ikishageuzwa kuwa namba, nakala zake haziishi ubora kwa kunakiliwa, na kigeuzi chochote cha kawaida, hata kile kilicho ndani ya simu, kitaweza kuirudisha sauti hiyo masikioni.